Wikendi ya wawili kutoka Mombasa: Malindi, Lamu au Tanga?

Ijumaa saa kumi na moja jioni mpaka Jumapili saa kumi na mbili jioni ni saa 49. Toa 14 za usingizi wa usiku mbili, zabaki 35. Hiyo ndiyo mali yenu nyinyi wawili, na kila saa ya barabarani inakatwa humo humo. Watu wengi huchagua mji kwa picha, kisha wakajikuta wametumia nusu ya mapumziko wakitazama kisogo cha dereva. Kwa hiyo hapa tunaanza na saa, halafu maji ya bahari, halafu ndiyo tuje kwenye uzuri wa mahali, maana uzuri wote hao wanao.

Jibu la haraka kwa mwenye haraka: usiku mbili na gari au matatu, Malindi. Usiku tatu au zaidi, au pesa ya ndege ipo, Lamu. Pasipoti iko tayari na mmechoka kuona ufuo, Tanga.

| | Malindi na Watamu | Lamu | Tanga |
|---|---|---|---|
| Umbali | km 120 hivi | km 340 hivi hadi Mokowe, kisha boti | km 170 hivi |
| Muda wa kwenda | saa 2½ hadi 3 | saa 8 hadi 10 kwa barabara | saa 4 hadi 5, mpaka ukiwemo |
| Mafuta kwenda na kurudi (gari la km 10 kwa lita) | lita 24 | lita 68 | lita 34 |
| Karatasi | kitambulisho | kitambulisho, hakikosi kuulizwa | pasipoti au pasi ya muda, kadi ya chanjo |
| Usiku usiopungua | 1 | 3 kwa basi, 2 kwa ndege | 1, bora 2 |

Diani haimo kwenye jedwali kwa makusudi. Diani ni ufuo, si mji: hakuna mtaa wa kale wa kuzunguka, hakuna soko la kupotelea. Mkiwa na usiku mmoja tu na mnataka kulala, kuogelea na kulala tena, nendeni huko. Tangu barabara ya Dongo Kundu ifunguke mpaka Kibundani, mwenye gari hana tena sababu ya kupikwa na jua kwenye foleni ya feri ya Likoni. Nyinyi mnaotaka mji, endeleeni kusoma.

Malindi: mji mmoja wenye bahari mbili

Matatu za Malindi hutoka mjini Mombasa mchana kutwa, zikijaa zinaondoka, na hilo peke yake linaipa Malindi ushindi mkubwa: hamfungwi na ratiba ya mtu. Kinachoharibu ni Mtwapa. Ijumaa kati ya saa kumi na moja na saa mbili usiku, kipande cha Kongowea mpaka Mtwapa chaweza kuwala muda kuliko kilomita zote zilizobaki, na kazi ya kuipanua barabara hiyo imefanya foleni isitabirike. Mkiweza, tokeni kabla ya saa tisa alasiri. Mkishindwa, kuleni kwanza nyumbani, mtoke saa mbili na nusu usiku. Mtafika karibu wakati ule ule na wale waliotoka saa kumi na mbili, ila nyinyi mtakuwa mmeshiba.

Wanaokaa Changamwe, Jomvu au Miritini wana mlango wa nyuma ambao wengi wanausahau: Mariakani, Kaloleni, Mavueni. Ni lami, inatokea karibu na Kilifi, na inawakwepesha Nyali, Bombolulu na Mtwapa kwa mkupuo mmoja. Kilomita zinaongezeka, muda wa Ijumaa jioni hauongezeki. Ubaya wake ni malori ya Mariakani, na giza: usiku barabara hiyo ina kona na watembea kwa miguu wasioonekana.

Sasa suala lenyewe: mlale Malindi au Watamu? Ni kilomita 20 hivi kati yao, lakini si kitu kimoja, na wengi hulipia chumba "cha Malindi" bila kuangalia ramani wakajikuta Watamu au hata Mambrui, ng'ambo ya Mto Sabaki.

Malindi mjini ndiko mlale ikiwa mnachotaka ni kutembea usiku, kula vizuri na kurudi kwa tuktuk. Waitaliano wamekaa hapa miaka mingi, hivyo piza na aiskrimu za huku hazifanani na za kubahatisha. Na barabara ya pili tu unapata mahamri kwa mbaazi na samaki wa kupaka. Watamu ndiko mlale ikiwa mnachotaka ni maji masafi. Sababu ni Mto Sabaki. Mto huo humwaga matope yake kaskazini kidogo ya mji, na wakati wa kaskazi, upepo utokao kaskazini, hasa baada ya mvua za vuli, upepo na mkondo huyasukuma matope kuja kusini, yakaingia ghuba ya Malindi. Maji yanageuka rangi ya chai ya maziwa. Si uchafu wa mji, ni udongo wa bara, lakini mtu aliyekuja kuona samaki haoni mkono wake. Wakati wa kusi, upepo utokao kusini, tope huelekea upande wa pili, kwenda kaskazini, na ghuba hupata nafuu, ingawa mawimbi yanakuwa makubwa. Watamu iko mbali vya kutosha kiasi kwamba miezi mingi haina habari na Sabaki. Kwa hiyo kati ya Novemba na Januari, kama mvua zilikuwa kubwa, msibishane: laleni Watamu, Malindi mwende kula.

Jambo jingine ambalo picha hazilisemi: pwani yetu inatazama mashariki. Jua linachomoza baharini, linazama nchi kavu. Anayeota kumshika mwenzake mkono jua likizama kwenye maji ya Malindi atasubiri sana. Panga hivi: alfajiri ya Jumamosi nendeni kwenye Nguzo ya Vasco da Gama, iliyo kwenye ncha ya mwamba, jua likitoka usoni. (Mtu wa Mombasa ana haki ya kuitazama nguzo hiyo kwa jicho la pembeni. Mwaka 1498 Mreno huyo hakupokewa vizuri kwetu, akaenda Malindi akakaribishwa na kupewa rubani wa kumvusha mpaka Bara Hindi.) Machweo yawekeni Marafa, au Mida, hori la mikoko karibu na Watamu.

Marafa, ambako Wagiriama hupaita Nyari, ni bonde lililomomonyoka likaacha minara ya udongo mwekundu, mweupe na wa rangi ya chungwa. Iko kilomita 40 hivi kaskazini-magharibi ya Malindi. Masimulizi ya hapo yanasema paliishi ukoo wa matajiri waliokuwa wakioga maziwa mpaka ardhi ikawameza; weupe ni maziwa, wekundu ni damu. Fikeni saa kumi na nusu, si saa kumi na mbili kasoro, kwa sababu mbili. Kuteremka chini na kupanda tena kwa mwongozaji kunachukua saa nzima, na rangi zinawaka katika ile nusu saa ya mwisho kabla ya jua kuzama, ambayo huku kwetu ni kuelekea saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima. Saa sita mchana ni tanuri, hakuna kivuli. Bebeni maji lita moja na nusu kila mtu na viatu vya kufunika vidole. Ndara zinateleza kwenye changarawe.

Gede ni kituo cha njiani, pale pale kwenye kona ya kuingia Watamu, na msiipite. Ni mji wa Waswahili ulioachwa katika karne ya 17, kuta za matumbawe, msikiti mkuu, jumba la mfalme na kaburi lenye tarehe ya mwaka 802 Hijria, yaani 1399. Mwaka 2024 uliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Saa moja na nusu inatosha. Nendeni asubuhi; ni msitu, mbu wapo, na kima wa hapo wanajua mfuko wa plastiki una nini ndani. Ukibeba ndizi umejitangaza. Ndani ya uwanja huo huo kuna Mradi wa Kipepeo, ulioanza 1993, ambapo wakulima wa pembezoni mwa msitu wa Arabuko-Sokoke hufuga vipepeo na kuuza nje ya nchi pupa, yaani viwavi vilivyojifunga kabla ya kuwa vipepeo. Dakika 20, lakini ni dakika nzuri.

Kuhusu boti za kwenda kwenye mwamba: Malindi na Watamu ndizo hifadhi za bahari za kwanza nchini, tangu 1968, na ada ya kuingia hulipwa kwa eCitizen, si kwa noti mkononi mwa mtu ufuoni. Ugomvi karibu wote huanzia hapo. Kabla mguu haujaingia majini, muulize nahodha mambo manne na umjibishe kwa namba: bei ni ya boti au ya kichwa, ni saa ngapi majini, ada ya hifadhi imo au haimo, na miwani na jaketi za kujiokoa ni ngapi na ziko wapi. Akisema "tutaelewana huko huko", mtafute mwingine.

Kurudi Jumapili: tokeni saa nane mchana, au msubiri mpaka saa mbili usiku. Katikati ya hapo nyote mnakutana Mtwapa.

Lamu: nzuri kuliko zote, na ndiyo inayoharibiwa na haraka

Hesabu kwanza, maana ndipo watu wanapojidanganya. Basi linatoka Mombasa alfajiri, linapita Malindi, Garsen na Witu, linafika Mokowe mchana au alasiri, halafu mnavuka kwa boti. Mkitoka Jumamosi alfajiri, mnaingia Lamu Jumamosi alasiri. Kurudi, mnatakiwa kituoni Jumapili asubuhi mapema. Mmelipa safari ya kilomita 680 kwa jioni moja. Si mapumziko hayo, ni adhabu.

Njia za kuifanya Lamu iwezekane ni mbili. Ya kwanza ni kuongeza siku: Ijumaa alfajiri mpaka Jumatatu, usiku tatu. Ya pili ni ndege ndogo kutoka uwanja wa Moi, ambayo inawashusha kisiwani Manda, mnavuka mkondo kwa boti mkaingia mjini. Hapo angalieni mambo mawili kabla ya kulipa chumba: kama kuna safari ya Ijumaa ya kwenda na ya Jumapili ya kurudi (ratiba hubadilika kwa misimu), na uzito wa mizigo, maana ndege hizi haziruhusu sanduku la arusi.

Mwenye gari lake ajue kwamba gari linabaki Mokowe. Lamu mjini ni miguu, punda na boti. Barabara ya Garsen hadi Mokowe ni lami, lakini ina vizuizi vya usalama. Kitambulisho kiwe mfukoni, si ndani ya begi lililo kwenye buti, na safari iwe ya mchana. Msimu wa mvua kubwa ulizieni hali ya Mto Tana kabla ya kutoka. Mto ukifurika, barabara hukatika kati ya Garsen na Witu, kama ilivyotokea mwisho wa 2023, na hapo hakuna njia ya mkato.

Mkishafika, mji wenyewe unafanya kazi yote. Mji wa kale uliingia orodha ya UNESCO mwaka 2001, na tofauti yake na Mji wa Kale wa Mombasa ni kwamba huku ni nadra pikipiki kukupigia honi kichochoroni. Msijaze ratiba. Ngome na makumbusho asubuhi moja. Shela jioni nyingine: ni mwendo wa dakika 40 kwa miguu kufuata ufuo, na mbele ya kijiji kuna mchanga wa kilomita 12 hivi ambao mkitembea nusu saa hamwoni mtu. Matondoni, kwa wanaopenda kuona majahazi yakiundwa. Na machweo, mashua kwenye mkondo. Hapa ndipo mnapopata lile jua la majini ambalo Malindi haina.

Adabu ya mahali. Mtu wa Mombasa anaijua, ila hujisahau akiwa likizo. Mabega na magoti yafunikwe mjini. Nguo za kuogea ni za ufuoni Shela, si za barazani. Kushikana mikono kimya kimya hakuna neno. Zaidi ya hapo ni ndani. Pombe hupatikana sehemu chache tu. Mwezi wa Ramadhani migahawa mingi hufungwa mchana, kwa hiyo kama hamfungi, hakikisheni mnapolala panatoa chakula. Wakati wa Maulidi mji hujaa mpaka vibarazani: ama mmekata nafasi miezi kabla, ama msubiri yapite. Na Mei na Juni nyumba nyingi za wageni hufunga kabisa kwa mvua na kusi. Zilizo wazi hupunguza bei, lakini ni bei ya kukaa dirishani mkitazama mvua. Kuna wanaoipenda hiyo, hasa fungate.

Tanga: ya wale waliochoka na ufuo

Kati ya miji mitatu hii, Tanga peke yake ndiyo jiji kwa maana ya sheria, na ndiyo iliyotulia zaidi. Barabara pana, miti mikubwa, nyumba za enzi za Wajerumani, baiskeli kila mahali. Ni jiji linalotembea mwendo wa baiskeli hata mtu akiwa kwenye gari. Kwa wawili wanaotaka kuzungumza bila kuuzwa chochote, hakuna mfano wake.

Kikwazo ni mpaka wa Lungalunga na Horohoro, na karibu kila anayekwama amekwamia karatasi. Kitambulisho cha Kenya pekee hakitoshi. Chukueni pasipoti au pasi ya muda mapema, siku za kazi, si Ijumaa jioni. Kadi mbili za njano zinachanganya watu. Moja ni ya mwili: chanjo ya homa ya manjano, ambayo huanza kutambulika siku 10 baada ya kuchomwa, kwa hiyo sindano ya Alhamisi haikusaidii Jumamosi. Nyingine ni ya gari: bima ya COMESA, inayotolewa na kampuni yako ya bima kabla ya kuondoka. Gari likiwa si lako, uwe na logibuku na barua ya mwenyewe. Asiyetaka usumbufu wa gari apande basi la Dar es Salaam, ashukie Tanga. Ahesabu tu kwamba abiria wote wanasubiriana mpakani, na mmoja mwenye shida anachelewesha arobaini.

Ukivuka, mwendo vijijini ni kilomita 50 kwa saa na trafiki wa huko hawatanii. Mfuko wa plastiki uacheni nyumbani. Tanzania iliupiga marufuku 2019, miaka miwili baada yetu. Badilisheni pesa kidogo mpakani kwa ajili ya siku ya kwanza, nyingine benki mjini. Msitegemee kwamba M-Pesa ya nyumbani itamlipa muuza samaki wa sokoni. Na lugha ni ile ile, lakini tuktuk huku ni bajaji, matatu ni daladala, na chakula cha haraka cha usiku ni chipsi mayai.

Mapango ya Amboni yapo kwenye njia ya kutoka Horohoro, kilomita 8 hivi kabla ya jiji, kwa hiyo simameni mkiwa mnaingia, kuokoa kwenda na kurudi. Ni mapango ya mawe ya chokaa, mnaongozwa kwa tochi, na kuna mahali pa kuinama na kujibana. Mwenye kuogopa giza au mwenye goti bovu abaki nje bila haya. Mjini kuna kumbukumbu za mapigano ya Novemba 1914, pale jeshi la Waingereza na Wahindi lilipofukuzwa na Wajerumani na askari wao, nyuki nao wakachangia. Jioni ni Raskazone, ufuoni mwa jiji. Bahari ya Tanga mjini ina mikoko na matope kuliko mchanga. Anayetaka kuogelea kwa raha aende Pangani, kilomita 50 hivi kusini, na hapo tena saa zenu zinaanza kuyeyuka.

Tanga Ijumaa usiku haifai. Mtafika mpakani mmechoka na mji mtaukuta umelala. Tokeni Jumamosi saa kumi na moja alfajiri, saa nne mko Amboni. Kama Jumatatu ni sikukuu Kenya lakini si Tanzania, hapo ndipo Tanga inapong'aa: usiku mbili kamili, na huko ni siku ya kawaida ya kazi, maduka wazi.

Mwezi ndio mpangaji mkuu

Hili linahusu Malindi, Watamu na Lamu, na ndilo linaloweza kubadilisha tarehe yenu kuliko bei. Wavuvi wanalijua, wageni, na hata wengi wetu wa mjini, tunaliacha.

Mwezi ukiandama na ukiwa mpevu, ni bamvua. Maji hujaa sana na kupwa sana, tofauti ikikaribia mita 4, na kwa pwani ya huku hukauka kuelekea saa nne asubuhi, yakajaa kuelekea saa kumi jioni. Wiki moja baadaye ni maji mafu: tofauti ni ndogo, na saa zinageuka, asubuhi yako juu, alasiri yako chini. Kila siku inayopita, saa za maji husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Ukijua mwezi una siku ngapi, unaweza kukadiria wikendi yako bila kuuliza mtu. Majedwali ya maji yakuthibitishie.

Kwa Watamu, wikendi ya bamvua ni zawadi. Asubuhi maji yakitoka, mafungu ya mchanga yanajitokeza mbali baharini na samaki wa mwambani wanakuwa karibu. Nendeni saa mbili kabla ya maji kukauka na mrudi yakianza kuingia, sio baada. Jioni ile ile, maji yakiwa juu, mtumbwi unapita katikati ya mikoko ya Mida na jua linazama upande wa bara. Siku moja, mambo mawili, bila kubanana. Wikendi ya maji mafu ni nzuri zaidi kwa anayetaka kuogelea tu mbele ya chumba chake wakati wowote, maana maji hayakimbii mbali.

Kosa la kawaida: watu wawili wanalipia chumba cha bei kubwa kwa sababu kiko ufuoni, wanaamka Jumamosi ya bamvua saa nne, wanakuta nusu kilomita ya mwani na mawe. Hoteli haikuwadanganya. Wao hawakutazama mwezi.

Lamu nako maji ndiyo yanayofungua milango. Njia ya ufuoni ya kwenda Shela hufunikwa sehemu sehemu maji yakijaa; tembeeni yakitoka, rudini kwa boti. Magofu ya Takwa kisiwani Manda ni kinyume: mkondo wa mikoko unapitika maji yakiwa juu tu, kwa hiyo wikendi ya bamvua Takwa ni ya alasiri. Nahodha akikubali kuwapeleka saa nne ya bamvua, ama hajui kazi, ama anajua mtalipa kusubiri.

Pesa, kwa kifupi

Kwa gari la kilomita 10 kwa lita, wikendi ya Malindi si lita 24. Ongezeni Marafa na safari za Watamu, wekeni 36. Kwa matatu na tuktuk, nauli ya wawili mara nyingi ni chini ya mafuta hayo, ila Marafa mtahitaji gari la kukodi kwa nusu siku. Lamu, gharama iko kwenye kufika. Ukishafika, miguu ni bure na kinachobaki ni boti. Tanga, gharama iko kwenye karatasi za mara ya kwanza. Safari ya pili ni rahisi, kwani chanjo hairudiwi.

Kabla ya kutuma malipo ya chumba

Ulizeni maswali yanayohusu mji wenyewe. Malindi na Watamu: chumba kiko mtaa gani hasa, na kutoka hapo mpaka majini ni dakika ngapi kwa miguu? "Karibu na ufuo" yaweza kuwa kilomita moja ya mchanga wa moto. Umeme ukipotea, feni inaendelea au inasimama? Nyumba yenye jiko inafaa sana Watamu, maana samaki mnanunua wakitoka majini. Ulizeni gesi imo au mnajaza wenyewe.

Lamu: chumba cha juu au cha chini? Kuta za matumbawe ni nene na chumba cha chini hakipati upepo; cha juu kina ngazi nyingi na kali, lakini kina hewa, na mara nyingi dari wazi ya kukaa usiku. Ulizeni pia ni nani anayewapokea gatini na kama boti ya usiku imehesabiwa kwenye bei. Mwenye usingizi mwepesi abebe pamba za masikio: punda hawana saa.

Tanga: gari linalala wapi, ndani ya uzio au barabarani, na kiamsha kinywa cha Jumapili kinaanza saa ngapi. Mkitaka kuwa Lungalunga kabla ya mabasi ya kutoka Dar es Salaam hayajafika, mtaondoka kabla chai haijaiva.